CD Zilizokatwa Masikio

Kazi yangu ni kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi za watu hapa Mugumu, na nimeletewa CD za kila namna: zilizolambwa na mbuzi, zilizosimamishiwa mshumaa, zilizoning'inizwa shambani kutishia ndege. Lakini CD zilizokatwa masikio sikuwa nimeziona mpaka alipokuja Mzee Heche wa Gorong'a.

Alinikuta nikitoa spika nje ya kibanda. Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa kofia na koti la suti juu ya fulana, na kwapani alibana boksi la sabuni lililofungwa kamba ya katani. Kijana aliyemleta alibaki barabarani akifuta pikipiki yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Zaitun wa Fundi Abdurahmani?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako yuko wapi?"

"Alifariki, mzee. Mwaka juzi."

"Oo, pole sana. Alinitengenezea redio zamani, ikalia mpaka nikaichoka mwenyewe." Akaweka boksi mezani. "Basi wewe ndiye utanifanyia hii kazi. Nyimbo zote zilizo humu ndani, zitoe, zitie kwenye flashi."

Nikafungua kamba. CD zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja ndani ya kipande cha gazeti. Nikachomoa ya kwanza, na kidole changu kikaingia kwenye pengo. Pembeni, kwenye ukingo, palikuwa pamekatwa pembe tatu. Nikachomoa ya pili, nayo hivyo hivyo. Zote zilikuwa na pengo, mahali pale pale.

"Mzee, hizi zimeng'atwa na nini?"

"Hazijang'atwa. Nimezikata."

"Umezikata?"

"Na kisu cha moto. Hiyo ni alama yangu. Ng'ombe wangu wote wana pembe tatu kwenye sikio la kushoto." Alisema hivyo bila haya yoyote, kama mtu anayenieleza kwamba sukari huwekwa kwenye chai. "Kule machimboni, wakati wa rashi, watu walipomiminika kufuata dhahabu, ukiweka kitu chini ukigeuka hakipo. Kila mtu alikuwa na CD, na zote zinang'aa sawasawa. Utasemaje kwamba hii ni yako? Mimi yangu hata gizani nikiipapasa naijua."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikakasirika, maana mimi hasira na kicheko hukaa chumba kimoja. Kompyuta yangu huzungusha CD kwa kasi mno, na CD iliyopungua upande mmoja inaweza kupasukia humo humo ndani ikaniachia vigae. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba CD si ng'ombe.

"Sizitii kwenye kompyuta yangu, mzee. Utanisamehe."

Akaanza kuzirudisha kwenye boksi, moja moja, taratibu. "Basi," akasema, "mwanangu haoi."

Sasa, mtu akikuambia maneno ya namna hiyo halafu akafunga boksi, wewe utaweza kumwacha aondoke? Mimi siwezi. Nikamvutia kiti.

Ilikuwa hivi. Yule kijana wa pikipiki, Emanueli, alikuwa mwanawe. Alikuwa amependana na Neema, binti wa mtu mmoja wa Nyambureti aitwaye Kornelio. Binti ameridhika, mama yake ameridhika, ng'ombe wapo. Kornelio peke yake ndiye amekataa. Zamani Kornelio na Heche walichimba pamoja kwenye duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, kisha wakakosana, na tangu hapo hawajasemeshana. Wazee walipokwenda kuposa, Kornelio alitoa sharti moja: Heche amletee ule wimbo wa mwisho. Akiuleta, watakaa waongee habari ya ng'ombe.

"Wimbo gani?"

"Umo humu. CD ya mwisho, wimbo wa mwisho. Uliimbwa siku duara letu lilipotema dhahabu."

"Na unasemaje huo wimbo?"

Heche akajikuna shingo. "Ndicho nataka kusikia. Nilikuwa nimelewa."

Nikamtazama. "Miaka yote hii CD unazo mwenyewe, na hujawahi kuusikiliza?"

"Deki niliiuza," akasema. Akaona hilo halijanitosha. "Na hata nilipokuwa nayo, binti, nilikuwa nikifika karibu nazima."

"Na kule kwenu, machimboni Nyamongo, hakuna wanaoingiza nyimbo?"

"Wapo tele. Lakini kule kila mtu anazijua hizi nyimbo, na kila mtu atakuwa na la kusema. Nilitaka mtu asiyejua kitu."

Kwa hilo alikuwa amefika penyewe. Kikurya changu ni cha kununulia nyanya. Babu yangu aliletwa Mugumu na cherehani yake kutoka Tanga, na ingawa baba na mimi tumezaliwa hapa hapa, nyumbani tulisema Kiswahili tu.

Nikakumbuka deki ya marehemu baba iliyokuwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Ni ya zamani, nzito, inazungusha CD polepole bila papara. Nikaishusha, nikaifuta vumbi, nikachukua waya nikachomeka upande mmoja kwenye deki na mwingine kwenye kompyuta. Kwa njia hiyo kompyuta haiigusi CD kabisa. Deki inaimba, kompyuta inasikiliza na kuhifadhi. Ubaya wake ni kwamba wimbo lazima upigwe wote, tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kurukia. Nilimwambia tutashinda hapo. Akamwambia Emanueli akatafute abiria, arudi baadaye.

CD ya kwanza ikaanza na kelele za watu, jenereta kwa mbali, kisha litungu. Wasiolijua, litungu ni kinanda kikubwa cha Wakurya, cha nyuzi na mbao nzito, na sauti yake inaanzia tumboni. Juu yake akaingia mwanamume mwenye sauti ya mikwaruzo, akiimba upesi upesi kama anayegombana.

"Machage," Heche akasema, na uso wake ukakunjuka. "Marehemu Machage. Wakati wa rashi, duara la mtu likitema, huyu ndiye anaitwa. Anakaa pale, watu wanakula, wanakunywa, yeye anakutaja. Jina lako, la ukoo wako, ng'ombe utakaonunua. Halafu kulikuwa na mtu wa jenereta na kompyuta, anachoma CD hapo hapo, kesho yake kambi nzima inasikia ulivyotajwa. Usipotajwa na Machage, hata ukipata dhahabu ya kujaza debe, umechimba bure."

Wimbo ulipoisha, kompyuta ikauhifadhi, na ikaandika kwa Kiingereza kwamba msanii hajulikani. Ndivyo inavyoandika kila inapokosa jina. Mzee akauliza imeandika nini, nikamsomea.

"Hajulikani?" Akasimama. "Machage hajulikani? Mtu alijulikana mpaka Sirari, mpaka Migori huko Kenya! Hiyo kompyuta imezaliwa wapi? Futa!"

Nikafuta, nikaandika Machage. Ikawa kila wimbo ukiisha anainama kuhakikisha, ingawa kusoma kwenyewe kulimpa taabu. Nami nikamwomba anitajie majina ya nyimbo, maana flashi yenye nyimbo zisizo na majina ni gunia la mahindi na mchele. Akawa ananitajia. Za watu wengine alizitaja kwa furaha na hadithi yake kabisa: huyu alinunua pikipiki asiyojua kuiendesha, yule aliwavisha wake zake wote viatu vya kisigino akawapeleka kisimani. Tulicheka sana asubuhi ile.

Zikaja nyimbo zake yeye.

Nikaanza kuona jambo. Kwenye nyimbo za wengine mguu wa mzee ulikuwa ukigonga sakafu. Jina la Heche likitajwa tu, mguu unakoma. Na kila jina hilo lilipotajwa, liliandamana na neno lile lile, mpaka mimi mwenyewe nikalishika kichwani kwa jinsi lilivyorudiwa.

"Hili neno linalokufuata kila mahali ni nini, mzee?"

"Ni kushuka. Aliyeshuka."

"Aliyeshuka wapi?"

"Kwenye duara. Chini."

"Kwa hiyo wimbo huu niuite 'Heche Aliyeshuka'?"

Alitazama barabarani. "Andika tu 'Heche', binti."

Nikaandika. Lakini nilishawashwa. Nilipoleta chai na chapati kutoka kwa jirani, nikangoja anywe nusu kikombe, nikamuuliza waziwazi kwa nini nyimbo zake mwenyewe hazipendi.

Hakukasirika. Nadhani alikuwa amekuja na jambo hilo kooni tangu Gorong'a na alikuwa anatafuta pa kulitua.

"Mimi sikushuka," akasema.

Duara lilikuwa lake, ndiyo, yeye ndiye aliyelipata na kuliandikisha kwa wazee wa kambi. Lakini wiki ile duara la jirani lilikuwa limekatika, kifusi kikafunika watu, na yeye alikuwa miongoni mwa waliowatoa. Kesho yake alifika mdomoni mwa duara lake, akashika kamba, na miguu ikagoma. Alijaribu tena, ikagoma tena. Kornelio alimnyang'anya kamba, akajifunga kiunoni, akashuka. Akashuka siku zote zilizofuata, Heche akiwa juu anavuta mawe, mpaka siku ile Kornelio alipopiga kelele kutoka chini kwamba ameliona.

"Machage alipokuja akaniuliza atutaje vipi," Heche akaendelea. "Watu walikuwa wamenizunguka. Mwenye duara ni mimi. Sijui, binti. Mdomo ulisema wenyewe. Nikasema, Heche ndiye aliyeshuka. Kornelio alikuwa akivuta kamba."

"Na Kornelio alikuwepo?"

"Alikuwa ameketi hapo hapo. Na mama yake."

Nikaweka kikombe chini.

"Mama yake alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Nyambureti na kibuyu cha maziwa, aliposikia duara limetema. Nyimbo zote alizisikia. Kufika nyumbani Kornelio akamwambia, mama, mimi ndiye niliyeshuka. Mama akamjibu: limeimbwa mbele za watu, wewe ukiwa umekaa, na hakuna aliyeinuka kukataa. Usinidanganye. Mpaka leo haamini. Neema ndiye alimweleza Emanueli."

"Sasa huo wimbo wa mwisho?"

"Nakumbuka kidogo tu. Pombe ilipopanda, roho iliniuma. Kornelio na mama yake walikuwa wameshaondoka. Nakumbuka nimesimama, nimemshika Machage bega, nikasema sasa imba ukweli. Nakumbuka ameanza kupiga. Baadaye nimeamka chini ya turubai." Akanitazama na macho ya mtu anayengoja majibu ya hospitali. "Nimekuwa nikiwatuma watu kwa Kornelio kumwambia kwamba wimbo wa mwisho ulirekebisha mambo. Naye amechoka. Amesema basi, uletwe."

Hapo mimi nami nikaanza kuogopa ile CD ya mwisho. Lakini kutaka kujua kulikuwa kukubwa kuliko kuogopa, nami sijifanyi vingine. Nikaitia kwenye deki.

Nyimbo za mwanzo zilipita salama, na katikati salama. Zilipozidi kusogea mwishoni, sauti ikaanza kuruka. Wimbo wa mwisho ulipofika, deki ikanguruma, ikatafuta, ikakata tamaa. Nikaitoa CD, nikaipangusa kwa kitambaa laini, nikaipaka dawa ya meno kidogo kama tunavyofanya zikichubuka, nikaifuta, nikairudisha. Wapi! Nikaigeuza kwenye mwanga, na ndipo nilipoona.

"Mzee, njoo uone."

Nikamweleza. CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko ukingoni. Zile CD nyingine hazikuwa zimejaa, ukingo ulikuwa mtupu, alama yake ilikata mahali pasipo na kitu. Lakini hii ya mwisho yule mtu wa jenereta aliijaza mpaka pomoni. Wimbo wa mwisho ulikuwa pale pale kisu kilipopita, na moto ulikuwa umebabua ngozi yake ya fedha kuzunguka pengo.

"Alama yangu imeula," Heche akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Wote?"

Nikamwambia ngoja. Nilikuwa na hasira na kile kisu kana kwamba kilikuwa mkononi mwangu. Nikaiwekea deki kitabu juu ya kifuniko ili CD isicheze, nikarudisha, nikarudisha tena, kila mara nikiokota kipande kidogo na kukiunganisha na kingine kwenye kompyuta. Mwishowe nikapata mwanzo wa wimbo. Vigelegele. Litungu likipigwa taratibu, bila ule ugomvi. Halafu sauti ya mlevi karibu kabisa na kinasa sauti: "Baba Bhoke! Baba Bhoke..." Na baada ya hapo mkwaruzo mtupu hadi mwisho.

Nikaandika jina la faili: Baba Bhoke.

"Kuna mlevi hapa anamwita mtu," nikamwambia. "Huyu Baba Bhoke ni nani? Mtu wa ukoo wenu?"

Mzee Heche alikuwa amevua kofia. "Huyo mlevi ni mimi."

"Na Baba Bhoke?"

"Si baba. Kwetu sisi, baba ni mama."

"Baba ni mama?"

"Kwa Kikurya. Mama tunamwita baba."

"Na baba mnamwitaje?"

"Tata."

Nimezaliwa Mugumu, nimekulia Mugumu, na hilo lilikuwa limenipita. Kumbe siku zote nikisikia watoto sokoni wanalia baba, baba, nadhani wanamtafuta baba!

"Bhoke ni mama yake Kornelio," Heche akasema. "Nilikuwa namwita yeye. Alikuwa ameshakwenda zake, na mimi naita." Akafikicha macho kwa kiganja. Deki iliendelea kuzunguka bure.

Kisha akasogeza kiti. "Binti. Babu yako alikuwa fundi cherehani."

"Alikuwa."

"Sauti ya Machage imo humo ndani. Neno la kushuka limo, tele. Toa jina langu, weka la Kornelio. Shona wimbo. Nani atajua?"

Ningesema nilikataa pale pale, ingependeza. Sikukataa. Mikono iliniwasha kujua kama inawezekana, na inawezekana, nimewahi kuwashonea watu wa harusi nyimbo zenye majina yao. Nikaanza kutafuta. Nikapitia wimbo mmoja baada ya mwingine nikisikiliza mahali Machage alipolitaja jina la Kornelio, ili nilikate nilihamishe. Nilipitia CD zote za siku ile, nikarudia.

"Mzee," nikasema, "jina la Kornelio halimo."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta. Machage hakulitaja hata mahali pamoja. Siwezi kukata kitambaa ambacho hakipo."

Nilimwonea huruma, na hapo hapo nilitaka kumpiga na lile boksi lake la sabuni. Mtu ameshuka ardhini siku zote zile akiwa amefungwa kamba, na katika sherehe nzima hakupewa hata jina!

Emanueli alikuwa amerudi, anapiga honi barabarani. Mzee akasimama, akavaa kofia yake.

"Hiyo kompyuta inaimba bila umeme?"

"Kwa muda, ndiyo."

"Basi funga kibanda. Twende nayo hivyo hivyo."

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kumpa flashi yake nikabaki na wateja wangu. Nilifunga kibanda kwa sababu nisingelala bila kujua, na huo ndio ukweli. Tukapanda mshikaki, Emanueli mbele, mzee katikati, mimi nyuma nimekumbatia kompyuta, tukala vumbi mpaka Nyambureti.

Kornelio tulimkuta uani akigongelea plau. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mipana. Alinijibu salamu yangu vizuri, akamjibu na Emanueli, lakini Heche alionyeshwa kigoda tu. Chini ya paa la jiko alikuwa ameketi bibi mzee sana juu ya ngozi, akipepeta ulezi kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo, akatabasamu tu bila kujibu. Neema akatoka na uji, akamtazama Emanueli kidogo, akarudi kusimama mlangoni.

"Umeuleta?" Kornelio akauliza.

Heche akanitazama mimi. Basi ikabidi mimi nieleze, habari ya katikati na ukingoni, na jinsi alama ilivyoula wimbo. Kornelio akaomba aione CD yenyewe. Akapitisha kidole gumba kwenye pengo, mara mbili tatu, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Heche," akasema. "Umeukata wimbo sikio."

"Nimeukata."

"Kwa hiyo hakuna kitu."

"Kuna kidogo," nikasema. Nikaweka kompyuta juu ya kigoda, nikapandisha sauti mpaka mwisho, nikabonyeza.

Vigelegele. Litungu. Na ile sauti ya kilevi, ikilia ua mzima: "Baba Bhoke! Baba Bhoke..."

"Eee?" akaitika bibi.

Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye ungo, anatafuta anayemwita. Mkwaruzo ukafuata. Nikazima. Bibi akatutazama mmoja mmoja, ungo umetulia mapajani, anangoja kuambiwa alichoitiwa.

"Ameitika," Kornelio akasema.

Heche akajiweka sawa kwenye kigoda. Akaanza kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mikutano: "Ndugu yangu Kornelio, siku ile mimi, kwa kweli, kulikuwa na mambo mengi..."

"Mura," Kornelio akamkata, akimwita kama Wakurya wanavyoitana. "Aliyeitwa si mimi. Na mama hajui Kiswahili."

Nilimwona Mzee Heche akilitazama lango la ua, nikadhani ataondoka, na Emanueli naye alidhani hivyo maana alishika usukani wa pikipiki. Lakini akainuka akavuka ua, akachuchumaa mbele ya bibi mpaka magoti ya suruali yakagusa ulezi uliomwagika. Akasema kwa Kikurya. Hakusema mengi. Mimi nilielewa vitu vitatu tu: jina lake, jina la Kornelio, na lile neno la kushuka nililoshinda nalo masikioni kutwa nzima. Safari hii lilikuwa limekaa kwenye jina lile jingine.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu, hakumshika kichwa, hakulia. Aliuweka ungo chini, akamgeukia mwanawe, akamuuliza swali fupi.

"Anasemaje?" nikamnong'oneza Neema.

Neema alikuwa amejishika mdomo. "Anamuuliza baba yangu kama kule chini kulikuwa na giza."

Kornelio akaiacha nyundo juu ya plau, akaja akaketi chini kando ya mama yake, akaanza kumweleza. Alionyesha kwa mikono jinsi kamba inavyofungwa, jinsi mwili unavyopita kwa ubavu. Bibi akamkatiza kwa swali, akajibiwa, akauliza jingine, kama kulikuwa na joto, kama maji yalikuwa yakidondoka, kama alikuwa akiisikia sauti ya watu waliokuwa juu. Maswali alikuwa nayo mengi, ya miaka yote ambayo hakuamini, na habari ya ng'ombe ikabidi ingoje.